Majani Juu ya Kaburi la Valence

Mama Lidwina hajui kukaa. Nasema hivyo mimi mpangaji wake, ninayelala ukuta kwa ukuta na fagio lake. Kabla majogoo wa Maposeni hawajakubaliana nani aanze kuwika, fagio la vijiti lilikuwa tayari linakwaruza uani. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, mtu wa Machame niliyeletwa huku na ajira, na usingizi naupenda. Nilikuwa navuta blanketi hadi masikioni na kumsema moyoni maneno ambayo Mlutheri hapaswi kumsema Mkatoliki aliyempa nyumba.

Akimaliza uani anafagia baraza, akimaliza baraza anafagia njia, na akikosa cha kufagia anapanga kuni upya. Hata chai aliinywa akiwa amesimama, huku akizunguka mafiga.

"Mama, keti basi," nilimwambia siku moja.

"Nitaketi nikizikwa, Mwalimu Judica."

Mumewe, Valence, alikwisha kuzikwa, nyuma ya nyumba, katikati ya misuku. Msuku ni mti wa porini wenye matunda matamu, na ukijaribu kuuhamisha unanuna mpaka unakufa. Valence hakupanda hata mmoja. Alichofanya ni kukataa kuikata wakati majirani wakifyeka kila kitu ili walime mahindi, kisha akaomba azikwe humo. Tangu siku hiyo mjane wake alikuwa akifagia kile kimsitu kila asubuhi kama vile ni sebule. Majani ya msuku ni mapana na magumu, yakianguka unayasikia. Likidondoka moja, Mama Lidwina aliacha sufuria jikoni akalifuata. Ardhi chini ya miti ile ilikuwa nyekundu na ngumu, na ungeweza kuanika mahindi juu yake bila kutandika turubai.

Sikumlaumu. Huku mwanamke anapimwa kwa uwanja wake, na mjane anapimwa kwa kaburi la mumewe.

Lakini misuku ilianza kukauka, kuanzia vileleni. Matunda yakawa madogo, mbegu tupu na ngozi. Uyoga uliokuwa ukichomoza pale mvua zikianza, hadi ndugu wanakuja na vikapu, ulikuwa umekoma kabisa. Mama Lidwina aliona majani yanazidi kuanguka, naye akazidi kufagia. Alibeba maji kwa ndoo akamwagia mashina. Maji yakateleza juu ya ule udongo mgumu yakaishia njiani, naye akayafuata kwa fagio ili yasiache tope.

Mwezi wa tisa akaja Anselmo, mdogo wake Valence, anayelima tumbaku Namtumbo. Alishuka kwenye pikipiki, akatazama juu, akatikisa kichwa.

"Shemeji, hii miti imekwisha. Siku ya Marehemu nitakuja na msumeno. Tupate kuni za kukaushia tumbaku, na hapa tupande mahindi."

"Na Valence?"

"Kaka tutamjengea uzio."

Ardhi ni ya ukoo, na Anselmo ndiye msemaji wake. Alipoondoka, Mama Lidwina alikwenda kufagia pale alipotoka kufagia. 

Kama mwezi hivi baadaye alinigongea mlango, viganja vimejaa udongo.

"Mwalimu, njoo uone. Kuna ugonjwa kule."

Alinipeleka kwenye korongo dogo nyuma ya kimsitu, ambako kwa miaka yote alikuwa anatupa majani anayofagia. Alitaka kulichoma lile lundo ili pawe safi kabla ya ndugu kufika. Pembeni ya lundo ulisimama msuku mmoja uliopinda, ambao hakuna aliyewahi kuuhesabu, umefukiwa na majani hadi kiunoni. Ulikuwa wa kijani mpaka kileleni na umesheheni matunda. Kiangazi kilikuwa kimetukausha hadi midomo, lakini nilipoingiza mkono chini ya yale majani nilikuta ubichi. Udongo ulikuwa mweusi, laini, unanukia mvua. Ndani yake zilipita nyuzi nyeupe nyembamba kama za kushonea, zimejisokota kwenye vijizizi.

"Ndio ugonjwa wenyewe?" aliuliza.

Mambo haya nimeyachora ubaoni mara nyingi, lakini siku ile nywele zilinisimama.

"Si ugonjwa, mama. Huu ni uyoga, ule mwili wake wa chini. Umeshikana na mizizi, unaitafutia maji na chakula kule ambako mizizi yenyewe haifiki. Mti nao unaulisha sukari. Na majani yakioza yanageuka chakula cha udongo, tena yanaufunika usikauke."

"Kwa hiyo mimi kila asubuhi..."

"Ulikuwa unaondoa chakula mezani kabla hawajala."

Nilijuta papo hapo kwa ulimi wangu. Alianza kulizunguka lile lundo, mara mkono kichwani, mara kiunoni.

"Nimemshindisha Valence na njaa."

"Si Valence, mama. Ni miti."

"Ni yuleyule," alisema, akakimbilia kikapu.

Tulirudisha majani yote kimsituni pamoja na ule udongo mweusi, mimi nikiota malengelenge. Kazi nzito ilikuwa kuyaacha. Alfajiri nilisikia fagio likianza uani, likifika ukingo wa misuku likisimama, kisha kimya. Kimya hicho kikaninyima usingizi kuliko kelele. Mikono ilimwasha mpaka akafagia barabara ya kijiji, akafagia na uwanja wa Kunegunda, dada wa marehemu, hadi Kunegunda akauliza kama anatukanwa.

Siku ya Marehemu makaburi yote ya Maposeni yalikuwa yamepakwa chokaa na kuwekwa maua. Ndugu walifika wamevaa za kanisani. Anselmo alikuja na msumeno wake, ameufunga nyuma ya pikipiki. Waliingia kwenye misuku wakaganda. Kaburi la Valence halikuonekana, ila msalaba tu uliochomoza kwenye majani.

"Lidwina!" Kunegunda alipiga kelele. "Umemtupa kaka yetu jalalani?"

Akachukua fagio lililoegemezwa jikoni, akarudi nalo mbio. Nilifungua kinywa nieleze sayansi yangu, lakini nani anamsikiliza mpangaji kwenye kaburi la ukoo? Mama Lidwina akanipita, akaenda hadi kaburini, akakaa chini. Alikaa juu ya majani, miguu ameinyoosha, kama wanawake wakaavyo msibani.

"Fagia, wifi. Ila anza na mimi."

Hakuna kati yetu aliyewahi kumwona amekaa. Fagio la Kunegunda likabaki hewani. Mama Lidwina alipenyeza mkono chini ya majani, akatoa konzi ya udongo, akamnyooshea Anselmo.

"Shika, shemeji. Kaka yako nilikuwa nimemlaza sakafuni. Sasa ana godoro. Mpe mvua za mwaka huu tu. Miti isipochipua, lete msumeno, mimi mwenyewe nitakuonyesha pa kuanzia."

Anselmo aliuminya ule udongo kiganjani, akafungua vidole. Haukumwagika, ulishikana kwa unyevu. Ni mkulima, hakuhitaji kuambiwa. Alitazama vilele vilivyokauka, akatazama tena kiganja.

"Mvua za mwaka huu tu," alisema, akakaa chini na yeye, kwa kuwa huwezi kusali umemsimamia mjane kichwani. Wengine wakafuata, Kunegunda wa mwisho, nguo nzuri zikichakarisha majani, na rozari ikaanza.

Katikati ya sala jani moja pana lilidondoka mbele ya magoti ya Mama Lidwina. Mkono wake ukanyanyuka.  Aliurudisha mapajani, akaushika kwa ule mwingine, akaendelea na Salamu Maria huku machozi yakimtoka.