Riwaya Iliyomsingizia Bibi Yangu

Mwandishi alikuja na shati la kitenge na tabasamu la mgombea ubunge. Ukumbi wa Kizota ulijaa watumishi wa serikali wanaojiita wasomaji, sambusa mkononi, kila mmoja akijisifu jinsi riwaya ile ilivyomnyima usingizi. Inahusu makao ya watoto chotara enzi za mkoloni, huku huku Ugogoni: watoto wa mama Waafrika na baba Wazungu, waliofungiwa ili wasikulie kwa "washenzi". Mizimu inazurura koridoni, damu inachuruzika ukutani. Makofi.

Nilimleta shangazi yangu, aliyekulia kwenye makao kama hayo. Mizimu haikumshughulisha. Nilikuwa nimemsomea kitabu chote nyumbani Mkonze, akakwama mahali pamoja tu: mama Mgogo anamuuza bintiye kwa kaniki mbili. Mama yake, yaani bibi yangu mzaa baba, hakuuza mtu. Askari walimpokonya mtoto mikononi. Basi pale ukumbini shangazi akamtaka mwandishi aufute ukurasa ule kabla kitabu hakijachapishwa tena.

"Shikamoo, bibi," mwandishi akamwamkia, kisha akamweleza polepole, kama anayemlisha mgonjwa uji, kwamba hiyo ni fikshen tu, hadithi ya kubuni. Na mama wa aina hiyo, akaongeza, kama kweli alimpenda mtoto, mbona hakwenda hata kumwona?

"Alikuja," shangazi akasema. "Alisimama nje ya seng'enge akanisalimu, 'Mbukwa.' Aliyejibu kwa Kigogo alichapwa, basi nikanyamaza. Akarudia. Nikanyamaza. Kwetu mtu asipoitikia salamu yako, amekukataa. Akaondoka, hakurudi tena."

Macho ya mjinga yule yakang'aa. "Hii kali, bibi! Naomba niitumie."

Nilitamani kumtemea mate. Wamejaa mjini hawa, wanaokwenda msibani na kuuliza kama nyama imebaki. Na wale wasomaji wake walikuwa wanatikisa vichwa kwa huruma huku wakimrekodi kwa simu.

Shangazi hakupandisha sauti. "Mama yako yu hai?"

"Yupo, bibi, namshukuru Mungu."

"Basi weka jina lake pale. Andika yeye ndiye aliyeuza mtoto kwa kaniki, na mtoto mwenyewe ni wewe. Si fikshen tu?"

Wachache wakacheka. Yeye hakucheka. "Hapana, bibi, tafadhali. Mama ana presha. Akisoma kitu kama hicho atakufa."

"Wangu alikufa akijua nimemkataa," shangazi akasema. "Futa."