Mzee Aliyelala Hospitali Bila Kulazwa

Verna Hudak alikuwa na kijikaratasi cha njano kwenye kioo cha kompyuta yake, mahali pale pale jina la mgonjwa linapotokea. Alikibandika mwaka wa kwanza wa kazi hii, na kilipochakaa akabandika kingine. Alisema majina yanachelewesha kazi. Ukishajua kwamba huyu ni Helen na yule ni Chester, unaanza kuwawazia wajukuu zao, na faili zinarundikana. Afadhali usome umri, mfupa uliovunjika, homa na namba ya maumivu, ubonyeze, uende kwa mwingine.

Roho mbaya hakuwa nayo, jamani. Miaka ishirini na miwili alikuwa muuguzi wa wodi, akigeuza wazee wazito vitandani mpaka mgongo wake ukakataa. Hospitali ikamteremsha chini, chumba kisicho na dirisha karibu na dobi, akawa mmoja wa watu wanaoamua kama mgonjwa aliyeko kitandani kule juu amelazwa, au yuko kwenye uangalizi tu.

Utauliza, tofauti ni nini? Kitanda ni kile kile, sindano ni ile ile, na supu isiyo na chumvi ni ile ile. Tofauti iko kwenye malipo. Hospitali ikiandika "amelazwa", bima ya wazee ya serikali inalipa vizuri, lakini baadaye wakaguzi wanaweza kuja kusema huyu hakustahili kulazwa, na pesa yote ikarudi. Ikiandika "uangalizi", inalipwa kidogo ila hakuna atakayekuja kuidai. Nusu shari kuliko shari kamili, na hospitali ile iliishi hivyo. Idara ya Verna nayo ilipata bonasi kila Desemba, mradi faili zilizokataliwa na wakaguzi zisizidi mbili katika mia. Mwaka uliopita bonasi ilimnunulia matairi ya gari. Sasa alikuwa amebakiza miezi kumi na minne astaafu, na alichoka uchovu ambao usingizi hauutibu.

Wa kuumia alikuwa mgonjwa. Aliyelazwa siku tatu, bima humlipia wiki kadhaa kwenye nyumba ya kufundishwa kutembea upya. Aliye kwenye uangalizi, hata angelala humo mwezi mzima, hapewi hata siku moja.

Alhamisi mchana, simu ya mezani ikalia.

"Verna, mwanangu, niko juu ya kichwa chako. Ghorofa ya nne."

Alikuwa Rudy Benko, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mzee wa miaka themanini na mitatu aliyemaliza ujana wake kwenye kiwanda cha chuma kabla hakijafungwa. Mume wa Verna alipofariki, ni Rudy aliyekuwa akimwondolea theluji mlangoni kila baridi, bila kuombwa, na ukimshukuru anakasirika.

"Mzee Rudy! Mimi nikajua uko kwa binti yako, mjini Erie! Tangu lini?"

"Jumapili. Niliteleza kwenye ngazi za kanisa na sinia la pierogi, zile sambusa zetu za viazi. Pierogi zote chini, mtoto wangu. Dazeni sita."

"Na wewe?"

"Mimi siyo mbaya."

Verna akapanda. Alimkuta amekaa wima kama mtu anayesubiri kupigwa picha, mikono imeshika vyuma vya kitanda, jasho dogo juu ya mdomo. Mfupa wa nyonga ulikuwa umepasuka sehemu mbili. Haukuhitaji kupasuliwa, ulihitaji muda na mtu wa kumfundisha kusimama.

"Hebu nielezee kitu, wewe unayefanya kazi na hawa watu," Rudy alisema. "Msichana mmoja kaja hapa asubuhi, mzuri tu, ana karatasi niliyotia saini juzi bila miwani. Ananiambia sijalazwa. Nikamwambia, binti, nimevaa gauni lenu linaloacha matako nje siku ya tano leo, nakula jeli yenu, nakojoa kwenye chupa yenu, halafu sijalazwa? Sasa nimekuwa wapi, sokoni?"

Verna akamvutia blanketi magotini.

"Kasema kesho natoka, na ile nyumba ya mazoezi nijilipie mwenyewe. Dola mia nne kwa siku! Kwa mia nne natembezwa na nani, malkia?"

"Subiri, mzee. Nipe dakika kumi."

Alirudi chini, akafungua faili, akabandua kijikaratasi. Benko, Rudolph. Chini yake: uangalizi, Jumatatu, saa tatu na dakika kumi asubuhi, na herufi mbili, V.H. Alikuwa ameamua faili arobaini na moja asubuhi ile. Sababu ilikuwa imeandikwa wazi: maumivu, mbili kati ya kumi.

Mbili. Verna akaketi. Wanaume wa bonde lile la viwanda, waliolelewa kando ya tanuru, wakiulizwa maumivu husema mbili. Baba yake mwenyewe alisema mbili na kidole chake kilichokatika kiko ndani ya boksi la barafu. Angeliona jina la Rudy angejua mbili yake ni ngapi, angempigia daktari simu. Lakini jina alikuwa amelifunika kwa mkono wake. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Alipanda tena, akamweleza yote, hakuficha.

"Ni mimi niliyebonyeza, mzee. Sikujua ni wewe."

Rudy akainua macho. "Na kama angekuwa mwingine, siyo mimi?"

Verna akanyoosha shuka lililokwisha kunyooka.

"Sikiliza," akasema. "Yaliyopita hayarudi, zile siku nne zimekwenda. Lakini daktari akiandika leo kwamba umelazwa kwa sababu maumivu hayatulii, tunaanza kuhesabu leo. Siku tatu, na bima inalipa. Anakuja sasa hivi. Atakuuliza namba. Nakuomba sema ukweli. Mficha uchi hazai."

"Na wewe watakufanya nini?"

"Nani?"

"Mabosi zako. Ukibadilisha ulichobonyeza."

"Watanisema tu."

"Watanisema tu," Rudy alirudia taratibu. Alikuwa amewahi kuambiwa hivyo kiwandani, mwezi mmoja kabla ya geti kufungwa kwa mnyororo na wote kupoteza kazi. "Umebakiza muda gani hapa?"

"Miezi kumi na minne. Mzee, hayo hayakuhusu. Sema namba."

Daktari Ostrander akaingia, kijana mwenye macho mekundu ambaye naye alikuwa na ripoti yake ya kila mwezi ya kuwaondoa wagonjwa mapema. Hata hivyo alimsikiliza Verna mlangoni, akakuna shingo, akasema, "Mama Hudak, nitaandika. Ila anipe kitu cha kuandika. Nikiweka namba yangu na faili inasema nyingine, watanitafuna."

Akakisogelea kitanda. "Mzee Benko, leo maumivu ni ngapi? Moja mpaka kumi."

Verna alisimama nyuma ya daktari. Alimkazia Rudy macho, akamwonyesha vidole vyote vya mkono mmoja, na vinne vya mwingine.

Rudy aliviona. Alivitazama vidole vile, kisha akautazama uso wa Verna kama mtu anayepima gogo kabla ya kulikata. Mikono yake ilikuwa myeupe juu ya vyuma.

"Mbili, daktari," alisema. "Labda tatu nikikohoa."

Kalamu ikarudi mfukoni.

Ijumaa wakamtoa. Nyumba yake ilikuwa na ngazi kumi na sita mpaka chooni, kwa hiyo Verna akamwita mpwa wake, wakamwingiza Rudy nyumbani kwa Verna, kwenye kochi la sebuleni. Verna akaomba likizo ya wiki mbili, isiyo na malipo, akarudi kwenye kazi aliyoiacha: kugeuza mzee mzito, kwa mgongo ule ule uliokataa. Usiku alijipaka dawa ya misuli na kulia kidogo, kwa uchovu na kwa hasira, hasira yenyewe hajui amtupie nani.

Siku ya tatu alikuwa anamsaidia kusimama. Alimshika kwapani, wakahesabu pamoja, Rudy akainuka nusu, akaganda hapo, meno yameumana.

"Nitakuuliza kama muuguzi," Verna alisema. "Hakuna daktari hapa, hakuna faili. Ngapi?"

Rudy alihema. Akaegemeza paji la uso wake kwenye bega la Verna, jambo ambalo kwa miaka thelathini ya ujirani hakuwahi kulifanya.

"Tisa," alisema. "Tangu Jumapili ile, Verna. Tisa."