Mtani Aliyefutwa Kwenye Katiba

Saa mbili asubuhi maji yamekupwa Mbwera, ndani ya delta ya Rufiji, na Gharibu Kondo amezama kwenye tope hadi magotini. Anachomeka fimbo ya chuma iliyopinda ncha ndani ya tundu, chini ya mizizi ya mkoko. Anatulia kidogo, kisha anavuta. Kaa anatoka na hasira zake. Gharibu anamkanyaga, anamfunga magando kwa ukindu na kumtupa kwenye ndoo.

"Huyu hajaombwa katiba," anasema. "Mimi nimeombwa, nimepeleka mara tatu, na mara tatu imerudi."

Gharibu ana miaka 52 na shule aliiachia darasa la tano. Ni mwenyekiti wa kikundi cha watu kumi na wanne wanaonenepesha kaa. Wanawakamata wakiwa wembamba, wanawafungia kwenye vizimba vya fito mtoni na kuwalisha vichwa vya samaki mpaka wajae nyama. Kilo ya kaa mwembamba hapa haifiki shilingi elfu sita. Akijaa, inafika elfu kumi na nne.

Ila sasa vizimba havitaruhusiwa kubaki mtoni bila kibali. Kibali hakitoki bila kikundi kusajiliwa, na kikundi hakisajiliwi bila katiba. Mwisho wa kupokea maombi ni tarehe 30 mwezi huu. Ikipita, mto watagawiwa wengine.

Katiba ya kwanza waliiandika wenyewe kwenye daftari. Ibara ya saba ilisema: "Mtani atahudhuria kila mkutano. Atamsema mwenyekiti atakavyo, na mwenyekiti haruhusiwi kukasirika."

Gharibu ni Mndengereko. Mtani anayetajwa ni Mwamvua Sadala, Mmatumbi aliyeolewa kijijini hapa, fundi wa kusuka vizimba. Kwa watu wa huku makabila haya mawili ni watani, na mtani ana ruhusa ya kumwambia mtu mbele ya wote yale ambayo ndugu zake wanayanong'ona. Baba yake Gharibu alipofariki, mtani wake mmoja alivaa kanzu ya marehemu akaiga alivyokuwa akinyima watu mbegu za mpunga. Waliokuwa wakilia walicheka. Hakuna aliyemkemea.

Afisa wa usajili aliipiga ibara hiyo mstari mwekundu. "Mzee, cheo hiki hakipo," alisema, akawapa katiba ya mfano wanakili.

Wakanakili. Ibara ya nne ya mfano ule iliwataka wanachama washirikiane kuogesha ng'ombe.

"Ng'ombe!" Gharibu anapiga fimbo kwenye tope. "Mbwera hii? Ataletwa na boti gani? Tukamtoa ng'ombe. Tukaambiwa tumeharibu muundo, turudi nyumbani."

Kwenda na kurudi, boti na bodaboda, ni shilingi elfu ishirini na nne. Hayo angeyameza. Lililomkaa kooni ni jingine.

Wakati katiba ya pili iko ofisini, Gharibu aliamua kuhamisha vizimba vyote juu zaidi, kwenye mkono wa mto wenye kivuli. Mkutano mzima ulinyamaza. Yeye ni mwenyekiti, na ni mkubwa kwa umri. Mwamvua alikuwepo, anasuka fito, naye hakusema neno.

Wiki iliyofuata mvua za bara ziliteremsha maji yasiyo na chumvi, yenye matope, hadi kwenye mkono ule. Kati ya kaa mia mbili, walikufa mia na arobaini.

"Nikamwuliza, mtani, ulijua?" anasimulia Gharibu. "Akasema, nilijua. Mbona hukusema? Akasema, mlinifuta."

Mwamvua, aliyekaa kwenye mtumbwi akichambua fito, hakanushi. "Nimtukane mwenyekiti wa watu kwa katiba ipi? Zamani ningemwambia, Mndengereko wewe, kichwa hicho umepewa cha kubebea ndoo tu. Angecheka, angeacha. Lakini walishakuwa kikundi cha serikali."

Tangu hapo Gharibu anatembea na kitabu cha Katiba ya nchi ndani ya mfuko wa nailoni. Alikipata kwenye semina Kibiti, ambako mwezeshaji aliwaambia kuwa katiba ya kwanza ya uhuru iliandaliwa kwa mtindo wa Waingereza.

"Karatasi ilitoka kwao, sikatai. Nikamwuliza, na hii ibara ya 18, ya mtu kusema analofikiri, nayo ilikuwemo? Akasema hapana, haki hizo ziliingia mwaka themanini na nne. Miaka ishirini na tatu baada ya uhuru! Sisi tulikuwa nayo msibani, bibi zetu walikuwa nayo. Na huu udugu ulioandikwa ukurasa wa mwanzo, nao uliletwa na meli? Waliodai uhuru walifundishwa wapi kumwambia mkubwa kwamba amekosea? Kwenye nyumba zao. Leo kijana wa ofisini ananiambia cheo cha mtani hakipo!"

Ibara ya saba wakairudisha kwenye katiba ya tatu. Nayo ikarudi, na mstari uleule mwekundu.

Alhamisi atakwenda mara ya nne, na katiba iliyochapwa vizuri, muundo wao wote umefuatwa, ibara ya saba ikiwa palepale. Baadhi ya wanachama wanamwomba aitoe, wapate kibali kwanza. Amekataa. Anasema akipewa mto bila mtu wa kumsema, ataua kaa wengine.

"Nimeshapanga maneno," anasema. "Nitaanza na ibara ya 18, halafu msiba wa baba, halafu..."

"Hutaanza na chochote," Mwamvua anamkatiza kutoka mtumbwini. "Alhamisi nakwenda mimi na wewe. Mimi nitasema, wewe utabeba kitabu. Ulishaachiwa kusema peke yako mara moja, kaa wakafa mia na arobaini."

Gharibu anashika mfuko wa kitabu. Anamtazama mtani wake, anatazama ndoo, anaufunga mfuko vizuri kisilowe. Ibara ya saba haimruhusu kukasirika.