Gari la Viti Viwili na Mtani Wangu Ayubu

Nakumbuka, mwanangu, juma moja la kiangazi pale Korogwe ambalo usingizi ulinikataa kabisa. Sikuwa na homa, wala sikuwa na njaa. Nilikuwa najua jambo ambalo mwenzangu hakulijua, na kila nilipofumba macho nilijiuliza: nimwambie au ninyamaze? Nikimwambia, wenzangu wataniona msaliti. Nikinyamaza, huenda akafa.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na kupewa kazi katika ofisi ya kilimo. Nilikuwa na ugonjwa ambao nadhani wewe umeurithi, ugonjwa wa kulichambua jambo mpaka likabaki nyuzi tupu. Nikiulizwa chai au uji, niliwaza kwanza atakayeniona nimechagua uji atasema nini. Watu wa namna hii, mwanangu, hupenda sana kuwa ndani ya kundi, kwa sababu kundi huwaza kwa niaba yao.

Uhuru ulikuwa bado mbichi. Wazungu wa mashamba ya mkonge walikuwa wakifunga virago, na baadhi yao waliuza magari yao madogo ya mbio, yale ya viti viwili yasiyo na paa la bati. Sisi vijana wa kazi mpya tukayanunua. Langu lilikuwa jekundu, na lilikaa chini mno hata mbuzi akisimama kando yako mnatazamana usoni. Tukaunda klabu. Sharti la kwanza lilikuwa gari liwe la viti viwili. Wenye magari ya viti vinne hatukutaka hata waegeshe karibu nasi. Tuliwaita wabeba mashangazi.

Sharti la pili halikuandikwa popote, lakini kila mmoja alilijua: hakuna mzigo, hakuna kuku, hakuna mzee mwenye kapu. Jumamosi tulikwenda Mombo kwa mfuatano na kuegesha pale mabasi yanaposimama, ili abiria wanaonunua mahindi wapate cha kutazama. Mwenzetu mmoja alionwa Magoma akiwa na gunia la mihogo kwenye kiti cha pili, na tukamfukuza. Nilicheka pamoja na wengine, ingawa kwetu mihogo ndiyo iliyonisomesha.

Wale wa viti vinne nao hawakuwa malaika. Walikutana Mkumbara, wakipangusa magari yao marefu kwa vitambaa, na walituita vijana wasio na ukoo. Walisema mtu anayenunua gari lenye nafasi yake na ya kivuli chake ameshawazika ndugu zake wote. Mkubwa wao alikuwa Ayubu, Mnyamwezi ambaye baba yake alikuja kukata mkonge akabaki. Mimi ni Mzigua, na wewe unajua kwamba Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani hukuvua kofia mbele za watu, nawe hukasiriki. Tulikuwa tumesoma pamoja shule ya kati, na utani wetu ulikuwa mtamu.

Akiniona na gari langu, Ayubu alikuwa akiinama kama anayetafuta sindano, kisha anauliza, "Mzigua, umekuja kwa miguu au kuna kitu umekanyaga?" Nami nikimjibu kwamba Wanyamwezi hawajaacha kazi ya babu zao ya kubeba mizigo, isipokuwa sasa wamepata magurudumu. Watu walicheka, nasi tulicheka zaidi yao.

Lakini utani ukiingiwa na klabu, mwanangu, huchacha kama togwa lililosahaulika. Maneno yetu yakaanza kuchukuliwa na watu ambao hawakuwa watani wa mtu yeyote. Wakayapeleka Mkumbara na kuyarudisha Korogwe yakiwa yameota miiba. Hatimaye ikaamuliwa kwamba klabu mbili zishindane. Kila upande utoe gari moja, lianzie darajani Korogwe na kumalizia Handeni mjini. Watakaoshindwa wataviondoa vibao vya klabu yao kwenye magari yao yote. Viti vinne wakamtoa Ayubu. Klabu yetu ikanitoa mimi. Sikuwa hodari kuliko wengine, ila barabara ile inapita karibu na kwetu, na niliijua kwa mashimo yake.

Hapo ndipo usingizi uliponikimbia. Kabla ya kufika kijijini kwetu, barabara ilikuwa na kilima kifupi. Ukikivuka unateremka ghafla kwenye kona iliyozibwa na migunga pande zote mbili, na baada ya kona tu kuna lambo. Kiangazi, jua likishapanda, wafugaji wa nyika ile hupitisha ng'ombe wao hapo kwenda kunywa, na wanawake hufuata na punda wa kuteka maji. Mwenyeji hupunguza mwendo kabla ya kilima bila hata kufikiri. Ayubu hakuwa mwenyeji. Tena mbio zilipangwa kuanza wakati ambao ungetufikisha pale ng'ombe wakiwa katikati ya barabara.

Nilimweleza mwenyekiti wetu, Hamisi, kijana wa duka kubwa pale mjini, mrefu na mwenye sauti ya upole. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatabasamu kama aliyepewa zawadi.

"Basi wewe utapunguza mwendo na yeye hatapunguza," alisema. "Akitumbukia kwenye mtaro, tumeshinda. Kuna haja gani ya kumfundisha mpinzani njia?"

Nikawaza kujitoa. Lakini nikijitoa wataweka mwingine asiyeijua kona ile, na badala ya mmoja asiyejua watakuwa wawili. Nikawaza kusema nina homa. Nikawaza kuomba uhamisho. Usicheke, mwanangu, hata barua ya uhamisho nilikwisha kuitunga kichwani, na salamu zake za mwisho.

Ijumaa nikaenda nyumbani kwa baba yangu mdogo, aliyenilea. Alikuwa akitengeneza ukingo wa shamba. Nilimsalimu na kumweleza yote, nikamwomba aende kwa Mzee Lemburis, rafiki yake mfugaji, amsihi acheleweshe ng'ombe siku ile. Baba mdogo akaliweka panga chini.

"Ng'ombe mwenye kiu nimwambie asubiri watoto wamalize kucheza?" aliuliza. "Na huyo Ayubu si mtani wako?"

Nikamwambia ndiye.

Alijipangusa udongo mikononi. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. "Mtani ndiye anayemchimbia kaburi mtani. Ni heshima yetu, na baba zetu waliifanya bila kuomba malipo. Lakini hatujawahi kulichimba mwenyewe akiwa bado hai."

Hakunikaribisha chakula. Kwa mzee wa Kizigua kumwacha mtoto wake aondoke bila kula, hayo yalikuwa makofi.

Siku ya mbio watu walijaa darajani. Kila gari lilichukua shahidi mmoja wa klabu yake, na Hamisi mwenyewe akaketi kiti changu cha pili. Kabla hatujawasha magari nilishuka, nikamwendea Ayubu mbele za watu wote, nikamweleza habari ya kilima, kona na ng'ombe. Nilisema polepole, kama mtu anayesoma hukumu.

Ayubu akanitazama, akawatazama wenzake, kisha akaangua kicheko. "Mzigua, siku utakaponiambia kweli mvua itanyesha kutoka chini kwenda juu. Unataka nipunguze mwendo unipite."

Nikaapa. Ndipo wakacheka zaidi, kwa kuwa kuapa kwa uongo ni sehemu ya utani wetu, na mimi mwenyewe nilikwisha kumwapia mara nyingi. Mwanangu, nilikuwa nimemwaga maneno yangu kama pumba kwa kuku, na siku nilipotaka kutoa mchele hakuna aliyeutambua. Wakati huo huo nilihisi macho ya Hamisi mgongoni. Niliporudi kwenye usukani alisema kwa ile sauti yake ya upole, "Umeshamwambia. Dhamana imekutoka. Sasa endesha."

Neno lile lilinivutia, nakiri. Nimeshamwambia, amekataa, basi. Ni mto laini wa kulalia, na wengi wameulalia.

Tukaondoka. Gari langu lilikuwa jepesi, na tulipoacha nyumba za mwisho nilikuwa mbele. Nyuma yangu vumbi lilisimama kama ukuta, na ndani ya ukuta ule alikuwa Ayubu. Kwa watu wetu wa magari hapakuwa na aibu kubwa kuliko kula vumbi la mwenzako. Mtu mwenye akili angebaki nyuma mpaka vumbi litue. Ayubu alizidi kusogea. Nilisikia honi yake karibu na kisogo changu, na katika kioo niliona taa zake zikitokea na kupotea. Hakuwa akiiona barabara. Alikuwa akinifuata mimi.

Hapo ndipo lilipoingia akilini jambo ambalo sikuliwaza juma zima, pamoja na kuwaza kwangu kote. Nikipunguza mwendo kwa ajili yangu, atanipita kwenye kilima akiwa na kasi yote, na atateremka kwenye ng'ombe. Nisipopunguza, tutateremka wote wawili. Kumwambia hakukutosha. Ilibidi asimame.

Nilianza kupunguza mapema, kidogo kidogo, nikikaa katikati ya barabara. Ayubu akaja kulia, nikaenda kulia. Akaja kushoto, nikaenda kushoto. Alinigonga nyuma, kitu kikavunjika. Nilitoa mkono nje na kuupunga. Hamisi alikuwa ameshika dirisha kwa mikono miwili.

"Kanyaga," alisema. "Kanyaga, wewe, tumeshashinda."

Mguu wangu haukutoka juu ya breki. Tulipofika chini ya kilima mwendo wetu ulikuwa wa baiskeli. Nikaligeuza gari likaziba njia nzima, nikazima injini. Hamisi akaunyooshea mkono ufunguo. Nikauchomoa kabla yake, nikautupa kwenye majani kwa nguvu zangu zote.

Ayubu alisimama karibu kabisa na mlango wangu. Alishuka akanishika shati kifuani, uso wote umejaa vumbi isipokuwa macho. Hakukuwa na utani tena ndani ya macho yale. "Umeniibia mbio," alisema. Shahidi wake naye akashuka akiwa amekunja ngumi. Hamisi alikwenda kuutafuta ufunguo majanini.

Ningeweza kuwa nimekosea. Ng'ombe wangeweza kuwa wamepita mapema, au wamechelewa, nami ningebaki mpumbavu wa Korogwe nzima mpaka kufa kwangu. Nililiwaza hilo nikiwa nimeshikwa shati.

Kisha tukasikia kengele. Moja kwanza, halafu nyingi, zikitoka upande wa pili wa kilima. Ayubu aliniachia, akapanda juu kwa miguu, nami nikamfuata. Kona yote ilikuwa imejaa ng'ombe, mgongo kwa mgongo, na katikati yao wanawake na punda, mmoja wao akiwa na mtoto mgongoni. Mzee Lemburis alikuwa mbele na fimbo yake. Alipotuona alisimama, akatungoja tumsalimu kama ilivyo adabu.

"Shikamoo, mzee," alisema Ayubu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetolewa majini.

"Marahaba. Habari za nyumbani? Ng'ombe wenu wazima?"

Ayubu hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Alijibu kwamba ni wazima, wote ni wazima, kisha akaketi chini kando ya barabara akafunika uso.

Hakuna aliyefika Handeni siku ile. Klabu yangu ilinifukuza jioni yake, na viti vinne walisema nilipanga kila kitu ili nisishindwe. Ayubu hakunisemesha kwa miezi. Haukupita muda mrefu siasa ya ujamaa ikaingia, na magari yale ya fahari yakafunikwa maturubai, na wenye viti viwili na wenye viti vinne wakaanza kushindana nani anatembea zaidi kwa miguu. Ndivyo walivyo watu wa kundi. Ukiwanyang'anya fahari moja, watashona nyingine.

Sasa sikiliza ninalotaka ulishike, mwanangu. Sikukatazi kupenda kitu kizuri. Gari lile nililipenda, na nikilikumbuka hata leo mikono inalitafuta. Lakini tazama kitu chako kinakufundisha kumdharau nani. Kikikufundisha kumcheka mwenye gunia la mihogo, kitakufundisha na kumtazama mwenzako akienda kwenye kona usiyomwambia. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na yule mama mwenye mtoto mgongoni hakujua hata kwamba kuna klabu.

Na ukiijua hatari ambayo mwenzako haijui, usiridhike kwa kusema, "Nilimwambia." Kama umemzoeza uongo na kejeli, kweli yako ina deni, nawe utalilipa kwa vitendo. Ziba njia. Acha wakushike shati. Fikiri unavyoweza, ndivyo ulivyoumbwa, lakini mguu wako uwe karibu na breki kuliko karibu na sifa.

Mungu akupe watani watakaokucheka ukiwa mzima na kukulilia ukiwa umekufa, wala asikujaalie kushinda mbio zozote zitakazomwacha mtu njiani. Nenda salama, urudi salama, na unaowakuta barabarani uwaache wazima.