Jitu la Kilima cha Fearchar

Raonaid alikuwa mwongo, lakini mwongo mwenye kipaji: uongo wake ulikuwa na pembe, mkia, na siku za baridi kali hata viatu. Ndiyo maana Bwana Pringle, aliyekuwa akizunguka kisiwani kuandika majina ya vilima na maana zake kwa ajili ya ramani ya Malkia, alipofika kwake aliganda kutwa nzima. Kila jina lilitaka mashahidi wawili waaminifu. Nani alimdanganya kwamba Raonaid ni mwaminifu, Mungu ndiye ajuaye.

"Na hiki, Cnoc Fhearchair?"

"Kilima cha Fearchar. Jitu hilo, bwana wee! Lilikula jibini tisa, likashushia pipa la pombe, likalala pale juu mpaka likaota majani. Tega sikio, utalisikia likikoroma."

Bwana Pringle alicheka mpaka akamwaga wino, akaandika yote. Raonaid, asiyejua kuandika, akatia alama yake ya msalaba, kichwa kimemvimba kwa sifa kama pishi.

Kesho yake Raonaid alimfuata Bwana Pringle hadi kwa shahidi wa pili, jirani yake Marsaili, ili tu asikie hadithi yake ikisomwa. Akaketi mlangoni na soksi anayofuma. Marsaili alikuwa akisukasuka maziwa atoe siagi. Bwana Pringle akasoma, kwa Kigaeli, lugha ya kisiwani, alichokiokoteza: Fearchar, jitu, mlafi, mlevi.

Mti wa kusukia ukasimama.

"Mlevi?" Marsaili akauliza. "Huyo ni baba yangu. Mimi nilikuwa bado tumboni. Alipanda kilima kile kwenye theluji kutafuta ng'ombe wa kina Raonaid, hakushuka tena."

Bwana Pringle akamtazama Raonaid. Raonaid akaitazama soksi.

"Dada Raonaid," Marsaili akasema taratibu, "wewe ulikuwa mkubwa, ulimwona. Ukisema baba yangu alikuwa mlevi, natia alama sasa hivi."

Raonaid alitafuta mzaha. Mdomo uliowahi kumchekesha hadi mchungaji wa kanisa ulikauka kama samaki wa kuanikwa. Uso ukamwaka hadi masikioni.

"Hakuwa mlevi," akasema. Angeweza kuishia hapo. "Ng'ombe alirudi mwenyewe, Marsaili. Mchana bado. Baba yangu akanituma nikamwite Fearchar ashuke. Nilikuwa na miaka tisa. Nikafika kwenye rundo la udongo mkavu tunaouchoma kama kuni, theluji ikanichapa usoni, nikarudi. Nyumbani nikasema nimemwita, ameitika."

"Ameitika," Marsaili akarudia.

"Nikasema na alichojibu. Kwamba wamwekee supu."

Hakuna aliyecheka. Marsaili alijifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Niandike nini, mama?" Bwana Pringle akamnong'oneza Marsaili.

"Futa jitu. Andika: Fearchar, aliyekufa akitafuta ng'ombe wa jirani. Hilo la supu usiliandike. Hilo ni langu."

Marsaili akatia alama yake. Kalamu ikabaki hewani. Maneno yalikuwa mapya, na shahidi wa pili alikuwa bado. Raonaid hakuthubutu kuipokea.

"Tia," Marsaili akasema bila kumtazama. "Kwani nani mwingine alikuwepo?"

Raonaid akachora msalaba wake, ukaenda upande. Akakusanya uzi wake. Jagi la mtindi lilikuwa pale mezani, na desturi ya nyumba zile ni kwamba mgeni hatoki na koo kavu. Marsaili akarudi kwenye siagi yake. Hakummiminia, wala hakumwambia akae.