Mkono wa Kike

Nyuma ya mlango wa chumba changu umesimama mkoba wa gofu. Una fimbo saba. Tatu ni chotara. Fundi wa fimbo anaziita haibridi, lakini sisi wafanyakazi wa uwanja tuliziita chotara, kwa kuwa kichwa chake si gogo kama cha zile ndefu, wala si bamba la chuma kama cha zile fupi. Kiko katikati. Zote saba ni za mtu wa kushoto. Zilikuwa za mke wangu.

Mke wangu alikuwa dobi kwenye uwanja wa gofu. Wanachama wakishaoga, taulo zilikuwa zake. Alizifua kwenye chumba chenye sakafu ya saruji na mabomba mawili, akazianika nje kwenye kamba ndefu, akazikunja mara tatu, si mara mbili. Mara mbili aliita uvivu. Mimi nilikata majani, kwanza kwa fyekeo, baadaye kwa mashine. Tulikutana hapo. Nilikuwa napita na fyekeo, majani yakarukia taulo zake, akanitukana. Wiki iliyofuata nikapita tena. Yakaruka tena.

Jumatatu wanachama hawachezi. Mpaka mchana uwanja ni wa wafanyakazi. Enzi hizo wanaume walicheza, wanawake walikwenda zao sokoni. Halafu bibi mmoja mwanachama akaacha gofu kwa sababu ya magoti. Alikuwa wa kushoto. Fimbo zake zilizunguka pale stoo, kila aliyezishika akaona zimemgeukia, akazirudisha. Zikafika kwa dobi. Mke wangu alikata kitunguu kwa kushoto na alishona kwa kushoto. Alizishika, zikamkaa mkononi. Jumatatu iliyofuata alikuwa uwanjani na gauni lake la kazi, mimi nyuma yake na mkoba.

Watu wengi huuita mkono wa kushoto mkono wa kike, na wa kulia mkono wa kiume. Mtunza stoo, mtu wa maneno, alingoja mke wangu apige mara ya kwanza mbele ya watu, akasema kwa sauti:

"Jamani, mama huyu anapigia mkono wa kike!"

Mke wangu hakugeuka. "Ulitaka nipigie upi? Wa kiume umebeba mkoba."

Walicheka mpaka mtunza stoo mwenyewe akashika kiuno. Tangu hapo jina langu likawa Wa Kiume. Hata leo mlinzi wa getini, mtoto wa juzi, husema, "Shikamoo, Wa Kiume." Naitikia.

Hakuwa mchezaji mkubwa. Alipiga fupi, lakini katikati. Kabla ya kupiga aliguna kidogo, kama mtu anayeinua ndoo. Akikosea hakusema kitu. Akipatia pia hakusema kitu. Maneno yote alikuwa nayo mdogo wake, shemeji yangu, dereva wa trekta la pale uwanjani. Kila mwaka kuna shindano la wafanyakazi, wawili wawili. Dada na kaka walicheza pamoja, mimi nikawabebea.

Shimo la saba lina bwawa. Unasimama upande huu, shimo liko ng'ambo, katikati ni maji na matete. Kamba za dobi ziko upande wa kushoto, nyuma ya ua mfupi. Mtu wa kulia akisimama kupiga, kamba ziko mgongoni kwake, anatazama barabara. Mtu wa kushoto anatazama kamba. Taulo za Jumapili zilikuwa nyingi, mke wangu alizianika Jumatatu alfajiri, kwa hiyo tukifika pale anazitazama. Zikitulia alisema, "Nne." Zikipepea kuja upande wetu, yaani upepo unatupinga, alisema, "Tatu," kwani namba ikiwa ndogo mpira huenda mbali zaidi. Nami nilimpa. Namba nilizijua kwenye fimbo kabla ya kuzijua kwenye karatasi.

Siku moja, kwenye shimo la pili, alinipa fimbo.

"Piga na wewe, Baba. Umebeba mpaka bega limepinda."

Nikasimama, nikapiga. Mpira ulikwenda. Kugeuka, namwona amekaa kwenye majani, anacheka mpaka machozi.

"Baba wee, tangu lini wewe ni wa kushoto?"

Nikaitazama mikono yangu. Mimi ni wa kulia. Kula, fyekeo, nyundo, vyote kulia. Lakini gofu niliijua kwa kumtazama yeye, na yeye ndivyo alivyosimama. Wanaume wote walikuwa wakipiga kwa upande wa pili mbele ya macho yangu. Sikuwa nawatazama wao.

"Nibadilishe?"

"Ubadilishe ili tununue mkoba mwingine? Acha hivyo hivyo. Wa kushoto wawili, mkoba mmoja."

Ikawa hivyo kwa miaka.

Baadaye akaanza kuchoka. Hakuniambia. Siku moja nilipita dirishani nikamwona anakunja taulo mara mbili. Hapo ndipo nilipojua. Hospitali walisema mambo yao. Alilazwa siku ya Alhamisi, na nyumbani hakurudi.

Binti yetu alikuja, akachukua magauni na cherehani. Mkoba aliuacha.

"Huu ni wenu, Baba," alisema.

Nilikaa ndani Jumatatu nyingi. Kisha shemeji akaja na trekta mpaka mlangoni, majirani wakatoka kushangaa.

"Chukua mkoba, shemeji. Nafasi ya dada iko wazi, na mimi sichezi na watu nisiowajua."

Nikaenda. Jumatatu ikapata kazi tena. Ila mpira wangu ukaanza kushindwa na bwawa. Mwanzoni ulivuka kwa shida, halafu ukawa unaangukia matete, halafu majini kabisa. Mikono imepungua nguvu. Fimbo ni ileile, nzito.

"Shemeji," akaniambia tukiwa pale ukingoni, "samaki wa bwawa hili sasa wanakujua kwa jina."

"Waache wanijue."

"Mimi sitanii. Shindano ni mwezi ujao. Mimi na dada hatukuwa tunaangusha mpira hapa. Mtunza stoo ananitaka nicheze naye, namkwepa kwa ajili yako. Nenda kwa fundi ukachukue chotara mpya. Ukikataa, utanisamehe, nitacheza na yule."

Nilielewa. Asiye na mwenzake hana Jumatatu.

Fundi wa fimbo ana chumba nyuma ya stoo. Kuna jiliwa la kubania fimbo, kopo la gundi, na debe la vishikio vya zamani vilivyopasuliwa kwa kisu. Aliichukua nne yangu, akaigeuza mwangani, akapitisha kidole usoni pake.

"Mzee, hii ni ya enzi zile. Uso umelika. Mpini chuma kitupu. Mtu wa umri wako anahangaika na mpini, mpira haumhusu."

Akanipa nyingine. Mpini wake mweusi, mwepesi kama ufito.

"Hizi za sasa uzito umewekwa chini na nyuma. Hata ukiigusa vibaya, mpira unapanda. Na namba zimesogea. Nne ya sasa inakwenda kama tatu ya zamani. Ziko tatu, mwanachama kaziacha, zinanukia upya."

"Ni za kushoto?"

"Za kushoto hamna. Za kushoto mpaka kuagiza, na huko unangoja mpaka unasahau ulichoagiza. Lakini mzee wangu, wewe wa kushoto tangu lini? Nimekuona ukila. Wewe gofu ulijifunzia kwenye kioo. Simama kama wenzako."

Alinipeleka kwenye wavu wa kujaribia. Nikasimama upande wa kiume. Nikavuta, nikapiga. Mwili uliijua kazi hiyo, ni ileile ya fyekeo. Mpira ukagonga katikati ya wavu, wavu wote ukatikisika.

"Mzee!" Fundi akapiga makofi. "Kumbe miaka yote hiyo ulikuwa unatuficha! Beba hii nne moja, kaijaribu Jumatatu. Ukiridhika nakupa na wenzake."

Bei tulikubaliana. Binti, kwenye simu, alisema yeye ndiye atakayelipa. Hakuna aliyenizuia.

Jumatatu nilikwenda nayo. Ng'ambo ya ua taulo zilikuwa kwenye kamba kama kawaida. Dobi wa sasa ni kijana, anafua vizuri. Shimo la nne niliitumia, mpira ukaenda mbali kuliko nilivyozoea. La tano vilevile. Shemeji alikuwa anaimba.

Tukafika la saba. Nikaweka mpira chini. Nikatoa nne mpya, nikasimama, nikatazama kamba. Taulo zimetulia. Nne, nikasema moyoni, nikaanza kuvuta.

"Shemeji," shemeji akaita.

"Nini?"

"Fimbo imekupa mgongo."

Nikatazama chini. Fimbo ya mtu wa kulia, mimi nimesimama kwa kushoto, uso wa fimbo unatazama nyuma nilikotoka. Shemeji alianza kucheka. Alicheka kama dada yake, mwili mzima. Halafu akaona uso wangu, kicheko kikaisha.

"Zunguka upande huu," akasema taratibu.

Nikazunguka. Mbele yangu ikawa barabara. Mtu mmoja alikuwa anaziba pancha ya baiskeli, gurudumu juu. Nikapiga. Mpira ulipanda, ukavuka bwawa lote, ukashuka ukabingirika mpaka karibu na bendera. Tangu nianze sijapiga mpira kama ule pale.

Shemeji aliruka. "Tumeshinda! Hata hatujacheza tumeshinda!"

"Taulo zilikuwaje nilipopiga?" nikamuuliza.

"Taulo gani?"

"Za dobi."

Akageuka, akatazama ua kana kwamba umejengwa usiku. "Sijui, shemeji. Mimi nikiwa hapa huwa sizioni."

Mtu wa kulia anaweza kugeuza shingo akazitazama, kisha akapiga. Hilo nalijua. Nililifikiria njia yote ya kurudi. Ni shingo tu. Lakini kuna kusimama na kuna kugeuza shingo.

Kesho yake niliirudisha fimbo.

"Imekukataa?" fundi akauliza.

"Haijanikataa. Ni nzuri."

"Sasa?"

"Niagizie ya kushoto. Nne peke yake."

"Mzee, shindano litapita."

"Lipite."

Alinitazama kidogo, akachukua kalamu kutoka nyuma ya sikio. "Kishikio chembamba au kinene?"

Mkono wa mke wangu ulikuwa mdogo, wangu mkubwa. Swali hilo lilikuwa gumu kuliko yote.

"Kinene," nikasema. "Cha mkono wangu."

Shemeji nilimfuata kwenye banda la trekta. Alikuwa chini ya injini, miguu tu inaonekana.

"Cheza na mtunza stoo," nikamwambia.

Miguu ikatulia. "Na ile nne?"

"Nimeirudisha. Nimeagiza ya kushoto."

Akatoka, uso umepakaa oili. "Umevuka bwawa mbele ya macho yangu! Halafu unarudisha? Kwa sababu ya taulo?"

"Ndiyo."

"Dada mwenyewe angekucheka."

"Angenicheka," nikasema.

Alirudi chini ya injini, akagonga vitu kwa nguvu kuliko vilivyohitaji.

Siku ya shindano sikutaka kwenda, nikajikuta nimefika. Shemeji alikuwa anahangaika na mkoba wake, mbebaji wake hajatokea. Hatukuwa tumesemezana tangu siku ile. Nikautia begani. Akanitazama, akatangulia.

Walicheza vizuri, si vizuri sana. Mtunza stoo siku hizi ana kitambi, lakini maneno hayajapungua. La saba tulifika jua limeshakuwa kali. Taulo zilikuwa zinapepea kuja upande wetu, zote, kamba nzima.

Shemeji akanyoosha mkono bila kugeuka. "Nne."

Nikampa tatu. Akaigeuza, akasoma namba.

"Nimesema nne."

Nikakaza mkoba begani. Akainua macho kwangu, kisha akageuka nyuma yake, akatazama ua. Halafu akarudi kwenye mpira, akapiga na tatu. Ulivuka, ukaanguka hatua chache tu baada ya maji.

Alinirudishia fimbo kwa mikono miwili.

Mtunza stoo akasogea na nne yake, akiifuta kwa shati. "Wa Kiume! Mbona huchezi leo? Au bwawa limekushinda?"

"Mkono wa kike haujafika," nikamwambia. "Wa kiume umebeba mkoba."

Alicheka, akashika kiuno kama zamani. Kisha akasimama akitazama barabara, akapiga, mpira ukaingia majini.