Mgeni wa Chumba cha Juu

Siku ya mwanzo Haroub kumtia machoni, mgeni yule alikuwa kashausukuma mlango wa jirani bila ya hodi, kamera mkononi, anawapiga picha wanawake wanaokuna nazi uani. Haroub, mfagizi wa nyumba ya wageni, alirudi nyuma na ndoo yake. "Watu wa kwao ndivyo walivyo," alisema Bi Mwanakheir, mpishi. "Hata salamu hawana." Na kweli, akipita hasalimu, vidole vyake virefu havitulii, vinafungua na kufunga kifuniko cha kamera, na milango ya watu huisukuma kwa kiwiko. Mpaka jirani, Mansour, akaapa: "Mwambieni! Akirudi tena kwangu, ntamvunja mkono."

Haroub ndiye aliyetumwa kumwonya, naye kusema na mwanamke wa kigeni kulimtoa jasho. Siku tatu alipanda ngazi, akapiga hodi mara tatu kama adabu inavyotaka, na asipoitikiwa akashuka. Siku ya nne mlango ulifunguka kabla hajatamka. Kabati zito alilokuwa mgeni akizibia mlango lilikuwa limesogezwa kando, sanduku lishafungwa, na vile vidole virefu vimeukumbatia mkoba kifuani.

"Kwetu walinionya juu ya wanaume wa hapa," alisema kwa Kiswahili chake cha kitabuni. "Kila siku unakuja, unaita mara tatu, unaondoka. Ulitaka kunifanya nini?"